Kamera na lenzi zisiposikilizana

Alizeti ikishavunwa na fedha kidogo ikaingia mikononi, mkoa wetu wa Singida huingia katika msimu wa shughuli. Kipaimara, kuagwa kwa mabinti, harusi za kanisani, nikahi za msikitini, hakuna Jumamosi inayopita bila matarumbeta kuzunguka mji. Katika pilikapilika hizo yupo mtu mmoja asiyeruhusiwa kukosea hata mara moja, naye ni mpiga picha. Mpishi akiunguza wali, sufuria nyingine itainjikwa. Mshereheshaji akikosea jina la shangazi wa bibi harusi, atacheka, ataomba radhi, na mambo yataendelea. Lakini pete huvishwa mara moja tu. Picha ya wakati ule ikitoka na ukungu, padri hatarudia misa ati kwa sababu lenzi ilichelewa.

Nimesema lenzi kwa makusudi, maana ndiyo habari ya leo. Katika miezi michache iliyopita vijana kadhaa wapiga picha wamenifuata, wengine wa hapa mjini, wengine wametoka Manyoni, Ikungi na Kiomboi, wote na kilio kimoja. Wananifuata mimi kwa sababu sisi waandishi wa redio wa mikoani siku hizi tunabeba kinasa sauti mkono mmoja na kamera mkono wa pili. Tena katika kipindi hiki niliwahi kutaja kwamba nilipokuwa nikisoma stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa kupiga picha kwa kamera ya filamu, ambayo kila kitu ulizungusha kwa vidole vyako mwenyewe.

Kilio chenyewe ni hiki. Kijana amenunua lenzi ambayo haikutengenezwa na kampuni iliyotengeneza kamera yake. Ameifunga, imeingia sawasawa, imekaza, na akichungulia anaona. Lakini akibonyeza kitufe nusu ili ifokasi yenyewe, ama haifanyi kitu chochote, ama inakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo gizani, ama kamera inaandika kosa na kugoma. Anakwenda kwa fundi, anaambiwa neno moja: "Umeuziwa feki." Basi anaitupa kabatini, au anaiuza kwa bei ya hasara, au anailipia mota mpya isiyohitajiwa.

Mimi nasema, aghalabu lenzi hiyo si feki na wala si mbovu. Ni lenzi na kamera zisizosikilizana, na kutosikilizana kuna aina zake. Aina nyingine huisha kwa dakika moja bila kutoa shilingi, nyingine haziishi hata ukilipa. Kijana akijua iliyompata ni ipi, ameokoa fedha za msimu mzima. Na wewe msikilizaji usiyepiga picha usizime redio yako, kwa maana mwenye harusi ndiye anayelipa.

Kwanza hilo neno feki. Feki ni kitu kilichobandikwa jina lisilo lake. Kampuni ya Tamron ya Japani ilianza mwaka 1950. Sigma, nayo ya Japani, ilianzishwa mwaka 1961, na lenzi zake huundwa katika kiwanda chake kilichoko Aizu. Hizi ni kampuni za watu wazima, zinaandika majina yao wenyewe mbele ya lenzi. Kutoka China zimekuja Yongnuo na Viltrox, nazo pia huandika majina yao. Yongnuo walitoa lenzi ya milimita 50 inayofanana mno na ile ya bei nafuu ya Canon, kama mapacha, lakini jina lililoandikwa ni Yongnuo. Unaweza kusema ni ya bei rahisi, unaweza kusema mota yake inapiga kelele, lakini feki siyo.

Sasa tuone kwa nini zisisikilizane. Zamani lenzi ilikuwa bomba lenye vioo. Kamera haikuwa na la kuiambia. Mwaka 1985 kampuni ya Minolta ilitoa kamera yake iliyoitwa 7000, ambayo ilifokasi yenyewe, mota ikiwa ndani ya bodi, ikizungusha lenzi kwa ncha ndogo mfano wa bisibisi. Ilivuma dunia nzima, na ikaleta kesi vilevile: kampuni ya Honeywell ya Marekani ilidai kuwa ujuzi ule ni wake, na mwaka 1992 Minolta ikakubali kulipa dola milioni 127.5 ili yaishe. Naitaja kesi hiyo ili mjue kwamba hawa wakubwa hawagawi elimu yao bure.

Nikon waliwafuata Minolta kwa njia ileile ya mota ndani ya bodi, mwaka 1986 kwa kamera ya F-501. Canon mwaka 1987 wakaamua njia nyingine kabisa. Kila lenzi ikapewa mota yake, na kati ya bodi na lenzi hakikubaki chuma kinachozungusha chochote, bali vidoti vya rangi ya dhahabu vinavyopitisha umeme. Kupitia vidoti hivyo kamera huuliza, "Wewe ni nani? Tundu lako lina ukubwa gani? Sogea kidogo kushoto." Lenzi nayo hujibu. Hayo ni mazungumzo, yana lugha yake, na Canon hawakuwapa wenzao kamusi ya lugha hiyo.

Sigma na Tamron wafanye nini? Walitega sikio. Walisikiliza kamera za wakati huo zinasema nini, wakaifundisha lenzi yao kujibu vivyo hivyo. Mtu aliyejifunza lugha kwa kusikiliza nje ya dirisha ataelewa mengi, lakini siku wenye nyumba wakianza kutumia neno jipya, yeye atabaki ameduwaa. Hapo ndipo matatizo mengi ya vijana wetu yalipoanzia.

Basi tuanze kazi, na tuanze na yale ya bure. Tazama ubavuni mwa lenzi, kuna swichi yenye herufi AF na MF. Ikiwa kwenye MF umeiambia usijiendeshe, nayo imetii. Utacheka, lakini swichi hiyo husogea yenyewe ndani ya begi, hasa begi likiwa juu ya pikipiki kutoka Ikungi. Lenzi nyingine ndefu zina swichi ya pili inayozuia isifokasi vitu vya karibu, nayo itazame. Kisha pima umbali. Kila lenzi ina hatua ambayo chini yake haiwezi, na ukimsogelea bibi harusi mpaka unaona poda, usilaumu mota.

Baada ya hapo vua lenzi utazame vile vidoti vya dhahabu, vya lenzi na vya bodi. Sisi watu wa Singida hatuhitaji kuelezwa upepo ni nini. Upepo wa kiangazi hapa huokota vumbi kutoka mashambani yaliyokwisha kuvunwa na kulipeleka kila mahali, hata ndani ya mkate. Vumbi likichanganyika na jasho la vidole linakuwa utando, na utando huo hukata mazungumzo. Futa kwa kitambaa kikavu, laini, kisichoacha nyuzi. Msasa marufuku, kisu marufuku, na kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mate. Kamera ielekeze chini unapobadilisha lenzi, nawe jigeuze uupe upepo mgongo.

Ukishafuta, fanya mtihani wa kubadilishana. Funga ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera. Ikifokasi, bodi ni nzima. Kisha ile lenzi yenye kilio ifunge kwenye bodi ya mwenzako ya aina ileile lakini ya umri tofauti. Ikifanya kazi huko na kugoma kwako, lenzi nayo ni nzima, na kasoro iko katika mazungumzo yao. Mtihani huu wa dakika tano ndio ambao mafundi wetu wengi hawaufanyi, kwa sababu hawana bodi ya pili, au kwa sababu mota mpya ina faida zaidi.

Sasa niende kwenye vilio vitatu nilivyovitaja.

Cha kwanza ni lenzi isiyofanya kitu kabisa, haitoi hata sauti. Kama kamera yako ni ya Nikon, sikiliza kwa makini. Nikon waliendelea na mota ndani ya bodi kwa miaka mingi, lakini mwaka 2006 walitoa kamera ndogo iliyoitwa D40, na humo mota hawakuiweka. Wakaendelea hivyo katika kamera zote za kundi la 3000 na la 5000, kama D3200, D3500 na D5600, ambazo zimejaa tele mikononi mwa vijana wetu kwa kuwa ni nyepesi na bei yake inashikika. Kamera hizi zinategemea lenzi iwe na mota yake. Ukifunga lenzi ya zamani ya Tamron au Sigma iliyotengenezwa kwa kutegemea mota ya bodi, itakaa kimya milele. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni sawa na kumfunga ng'ombe mmoja kwenye nira ya wawili na kungojea jembe liende.

Kuitambua lenzi hiyo ni rahisi, wala haihitaji umeme. Igeuze uangalie kitako chake cha chuma. Ukiona kijishimo chenye mfereji, mfano wa kichwa cha skrubu, ujue hapo ndipo bisibisi ya bodi inapoingia. Kwa lenzi ya namna hiyo unahitaji bodi yenye mota, kama D90 au D7000. Dada mmoja wa Kiomboi alikuwa ameambiwa mota ya lenzi yake imeungua, na ameanza kuweka fedha za kuitengeneza. Lenzi yenyewe haikuwa na mota ya kuungua. Aliibadilisha na mpiga picha mwenye bodi ya aina nyingine, kila mmoja akaondoka ameridhika, na zile fedha akanunulia flashi.

Kilio cha pili ni kosa linaloandikwa kwenye kioo, na hapa wenye kamera za Canon ndio wanaohusika zaidi. Kamera za zamani kidogo huandika Err 99, zilizofuata huandika Err 01, na maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu. Nitaeleza kwa habari ya kijana mmoja wa Ikungi, ambaye jina lake nalihifadhi.

Kijana huyu aliuza magunia ya alizeti aliyopewa na baba yake kama mtaji, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akanunua lenzi iliyotumika, nzito, nzuri, yenye tundu kubwa la 2.8, iliyotengenezwa enzi za filamu. Harusi ya kwanza aliyokwenda nayo kamera ilikuwa ikigoma kila baada ya picha. Akawa anatoa betri na kuirudisha, anatoa na kurudisha, watu wanamtazama. Familia ile ilimdai nusu ya malipo, akarudisha. Fundi akamwambia mota imekufa, alete laki moja na nusu.

Alipokuja kwangu nilimwuliza swali moja tu: "Kosa linaandikwa unapofokasi au unapopiga?"

"Ninapopiga, mzee. Kufokasi inafokasi bila shida."

"Basi mota ni nzima, mwanangu. Weka tundu kwenye 2.8 ile ya mwisho, upige."

Akapiga. Ikapiga. Akapiga picha kumi, hakuna kosa. Akasogeza tundu hadi 5.6, akapiga, kamera ikagoma papo hapo.

Maelezo yake ni haya, na yanajulikana tangu kamera za dijitali za Canon zilipoanza kuingia sokoni mnamo mwaka 2000. Lenzi nyingi za Sigma za enzi za filamu zilijifunza lugha ya kamera za wakati wao. Kamera mpya zilipokuja na namna mpya ya kutoa amri ya kufunga tundu, lenzi hizo hazikuielewa. Kufokasi zinaelewa, kukaa wazi kabisa zinaelewa, lakini zikiambiwa "punguza tundu" mazungumzo yanakatika. Sigma walibadilisha chipu za baadhi ya lenzi, nyingine hazikupata dawa. Kwa hiyo mwenye lenzi ya namna hii ana njia mbili: aitumie ikiwa wazi kabisa, jambo ambalo ukumbini si baya hata kidogo, au aifunge kwenye kamera ya filamu. Laki moja na nusu ya mota ingekuwa imetupwa Ziwa Singidani.

Lakini angalia usije ukachanganya. Kuna kosa linaloandikwa kwa maneno yaleyale ambalo chanzo chake ni tofauti. Kama lenzi yako ya zumu inapiga vizuri ukiwa karibu na kugoma ukivuta mbali, au kinyume chake, na zamani haikuwa hivyo, hapo utepe mwembamba wa umeme ulio ndani umechoka na kukatika kwa sababu ya kukunjwa kila unapozumu. Hilo ni la fundi, fundi halisi, na utepe ni wa bei nafuu kuliko mota. Mwambie mapema kwamba ndiyo unayoishuku.

Kilio cha tatu, lenzi inayohangaika mbele na nyuma, ndicho kinachowatesa wengi, na ndicho chenye uongo mdogo ndani yake ambao watu hawaujui.

Kamera yenye kioo cha ndani hufokasi hivi. Mwanga ukiingia, sehemu yake hushushwa chini, kwenye vipimio vilivyo sakafuni mwa kamera. Vipimio hivyo hulinganisha picha iliyopita upande mmoja wa lenzi na iliyopita upande wa pili. Zikiachana, kamera inajua isogeze lenzi wapi na kwa kiasi gani. Kazi hiyo inahitaji mambo mawili: mwanga wa kutosha, na mstari wa kulinganishia, yaani mahali ambapo cheusi kinakutana na cheupe. Kamera nyingi za kawaida zimewekewa mpaka: lenzi yenye tundu dogo kuliko 5.6 hazijaribu hata kuifokasi. Sasa zile lenzi za kampuni nyingine zinazopendwa, za 18 hadi 200 au hadi 250, ukizivuta mwisho tundu lake ni 6.3. Zingesema ukweli, kamera ingekataa. Kwa hiyo huiambia kamera kwamba ni 5.6, kamera inaamini, inajaribu. Nje, jua la saa saba likiwaka juu ya majabali yetu ya Singida, mambo ni shwari na hakuna anayegundua. Ingia ukumbini jioni, taa za zambarau, moshi wa mapambo, na bibi harusi katika gauni jeupe lisilo na mstari wowote, ndipo uongo unapoumbuka.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Usivute zumu hadi mwisho, sogea wewe kwa miguu. Tumia kitone cha katikati, ambacho katika kamera nyingi ndicho chenye nguvu kuliko vya pembeni. Usilenge kifua cha gauni, lenga pale gauni linapokutana na suti ya bwana harusi, au kwenye jicho na nyusi. Kama una flashi juu ya kamera yenye kioo cha ndani, ile taa yake nyekundu husaidia kufokasi gizani, lakini haiwaki ikiwa umeiacha kamera kwenye ulengaji wa kufuatilia mwendo. Irudishe kwenye ule wa mara moja. Na wakati wa pete, mpiga picha mzoefu hangoji. Hufokasi mapema mahali ambapo mikono itakuwa, anasogeza swichi kwenye MF, anatulia. Hivyo ndivyo walivyofanya waliotutangulia miaka yote kabla ya mwaka 1985, na maharusi wao wana picha.

Kitu kingine kidogo: wengi hufunga kioo cha kinga cha bei rahisi mbele ya lenzi, kisha wanashangaa. Kivue ujaribu bila hicho. Na kama ni kile kioo cha kupunguza mng'aro, kuna aina ya zamani inayochanganya vipimio vya fokasi. Kamera za leo zinataka aina inayoandikwa neno Circular.

Upo mgonjwa wa nne ambaye hapigi kelele, kwa hiyo ni hatari zaidi. Lenzi inafokasi upesi, kamera inalia "pip", lakini nyumbani ukikuza picha unakuta sikio ni kali na jicho lina ukungu. Hapa tumia chupa za soda. Panga tano mezani kwa mshazari, kila moja nyuma ya mwenzake kidogo. Weka kamera kwenye stendi, tundu wazi kabisa, chungulia kwa tunduni, lenga nembo ya chupa ya katikati, upige mara kadhaa. Kisha washa kioo cha nyuma ili kamera ifokasi kwa kutazama picha yenyewe, upige tena chupa ileile. Ikiwa picha za kioo cha nyuma ni kali na zile za kuchungulia zimeangukia chupa ya mbele au ya nyuma, lenzi ina vioo vizuri, ila kipimio na lenzi havijakubaliana mahali pa kusimama. Kamera nyingi za daraja la kati na la juu zina mahali pa kurekebisha jambo hilo: Nikon kuanzia D300 ya mwaka 2007, Canon katika 50D ya mwaka 2008, ingawa 60D waliinyima na 70D wakairudishia. Kamera ndogo hazina. Kwa hizo, lenzi za Sigma zilizotoka kuanzia mwaka 2013, na baadhi ya za Tamron, zinaweza kurekebishwa zenyewe kwa kifaa maalumu kinachounganishwa na kompyuta. Kama vijana wanne au watano wa hapa mjini wakichanga, wananunua kifaa kimoja. Nawashauri wachange.

Kifaa hichohicho kina kazi ya pili: kuifundisha lenzi maneno mapya. Nikon walipotoa D5300 mwaka 2013, baadhi ya lenzi za Sigma zilipata matatizo, na Sigma wakatoa programu mpya. Mwaka 2018 Nikon walipoleta kamera zao za Z zisizo na kioo cha ndani, Tamron nao ikawabidi wafanyie lenzi kadhaa masahihisho ya namna hiyo. Lenzi nyingine za siku hizi, za Viltrox kwa mfano, zina tundu la waya kwenye lenzi yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kulaani, uliza kama kuna programu mpya ya lenzi yako.

Na kwa wale wanaotaka kuhamia kamera zisizo na kioo cha ndani, mjue kwamba wakubwa hawafanani. Sony walifungua maelezo ya msingi ya mdomo wa kamera zao mwaka 2011, ndiyo maana lenzi za kampuni nyingine kwa Sony ni nyingi na zinafokasi vizuri. Canon walipoanzisha mdomo mpya wa RF mwaka 2018 walifunga mlango. Mwaka 2022 wakawataka Viltrox waache kuuza lenzi zao, na ni mwaka 2024 tu ndipo Sigma na Tamron walipotangaza lenzi kwa ruhusa yao, tena za kamera ndogo. Sina ugomvi na mwenye mali kulinda mali yake. Lakini anayeumia mwishoni ni kijana wa Ikungi, na hakuna mahali popote kwenye boksi la kamera panapomwambia mlango umefungwa au uko wazi.

Kwa hiyo ukienda Dar es Salaam au Arusha kununua lenzi iliyotumika, nenda na bodi yako mwenyewe, yenye betri iliyojaa. Usikubali kuonyeshwa kwa bodi ya muuzaji. Itazame kitako, kama ina ule mfereji wa bisibisi. Ifunge, fokasi karibu, fokasi mbali, ndani ya duka penye giza na nje penye jua. Piga picha tundu likiwa wazi kabisa, kisha kwenye 8, kisha kwenye 16, na kila mara uzumu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kosa lolote likiandikwa, irudishe mezani. Picha zibaki kwenye kadi yako, uzikuze kwenye kompyuta kabla hujatoa fedha. Muuzaji akikwambia hakuna muda wa mambo hayo, mabasi ya kurudi Singida yapo kila asubuhi.

Juma lijalo nitajibu barua zilizouliza habari za kadi za kuhifadhia picha, hasa ile ya msikilizaji wa Itigi aliyepoteza picha za ubatizo. Hadi hapo, kwaherini.